Faini ya jinzi: nani hasa analipia sheria ya mavazi kwenye chesi?

Ile stori ya bingwa wa chesi Magnus Carlsen na jinzi yake huko New York, Desemba 2024, wengi hapa Nairobi waliichukulia kama drama ya mastaa tu. Alikuja mashindano ya dunia ya rapidi na blitzi (chesi ya haraka, kila mchezaji ana muda mfupi kwa saa yake) akiwa na bleza, shati na jinzi, FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wakampiga faini ya dola 200 na kumwambia akabadilishe saa hiyo hiyo, akasema atabadilisha kesho, wakakataa, raundi ya tisa hawakumpangia mpinzani, akaondoka. Baada ya siku kadhaa rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, akalegeza sheria, jinzi ikakubaliwa bora iendane na koti, Carlsen akarudi kucheza blitzi na mwishowe akagawana taji na Mrusi Ian Nepomniachtchi. Na huyo Nepomniachtchi alikuwa amepigwa faini siku ile ile kwa kuvaa raba, lakini yeye alienda akabadilisha viatu akarudi mezani.

Mimi kinachonisumbua ni hizo dola 200. Kwa bei ya dola wakati huo ni kama shilingi 26,000. Mshahara wa chini kabisa wa kibarua Nairobi, hata baada ya kuongezwa asilimia 6 Novemba 2024, ulikuwa shilingi 16,113 kwa mwezi. Yaani faini ya suruali moja inameza mwezi mzima wa mtu anayefagia ukumbi tunaochezea, na bado anadaiwa karibu elfu kumi. Carlsen hata hakuisikia, na ile jinzi yenyewe aliipiga mnada ikaenda dola 36,100, pesa zikaenda kusaidia watoto, na nampongeza kwa hilo. Lakini ukichukua sheria kama hiyo ukaileta kwa mashindano ya wazi ya hapa kwetu, penye anayelipa ada ya kuingia ni mama wa mchezaji na amekopa, hiyo inakuwa kitu kingine kabisa.

Wanaotetea sheria ya mavazi wana hoja na siwadharau. Chesi hapa inapigania wadhamini kila mwaka, na mdhamini akileta pesa anataka picha ya kuweka kwa ripoti yake, hataki bingwa aliyepiga picha na kaptura na ndala. Pia sheria ilikuwa imeandikwa mapema, wachezaji wote waliijua, na kanuni za FIDE kifungu cha 11.1 zinakataza mchezaji kuuletea mchezo sifa mbaya. Na hapa kwa Nepomniachtchi nakubaliana nao moja kwa moja, aliyetii alienda kutafuta viatu, aliyegoma akabadilishiwa sheria, hiyo haikuwa haki.

Lakini sasa njoo uangalie mashindano ya vijana Nairobi Jumamosi asubuhi. Utaona watoto wamevaa sweta za shule na hakuna shule siku hiyo, viwiko vimepauka, kwa sababu hiyo ndiyo nguo safi na ya heshima iko kwa nyumba. Utaona kijana amevaa bleza ya mitumba imemzidi mabega, mikono ya koti inafika vidoleni, na kwa blitzi ya dakika tatu akinyoosha mkono kupeleka farasi mbele ule mkono wa koti unaangusha kete mbili tatu. Kanuni iko wazi, ukiangusha kete unazipanga tena kwa saa yako mwenyewe. Sekunde nne, tano, zinaenda, na saa ya mpinzani imesimama. Huyo kijana anapoteza mchezo kwa sababu ya nguo ambayo mtu alimwambia ndiyo inampa mchezo heshima.

Kuna wenye husema mbona mchezaji wa mpira hawezi kuingia uwanjani na jinzi. Ni kweli, lakini jezi ananunuliwa na timu. Mchezaji wa chesi suti anajinunulia, na akikosea anajilipia faini.

Halafu kuna suala la wanawake, ambalo kwenye huu mjadala wa jinzi lilipitwa haraka sana. Mwaka 2012 shirikisho la chesi la Ulaya liliandika sheria iliyofika hadi kusema ni kifungo kipi cha blauzi kinaweza kufunguliwa na sketi iwe sentimita ngapi juu ya goti. Refa apime na nini? Desemba 2022 Sara Khadem wa Iran alicheza Almaty, Kazakhstan, bila hijabu na mambo yakawa mazito, akahamia Uhispania. Ukishaanza kusimamia nguo za wachezaji, wa kwanza kuangaliwa mwili ni wasichana, na wengine wanaacha tu kuja.

Kenya tumeshaona nguo ikiwa shida ya ukweli. Mashindano ya chesi ya Kenya Open, Aprili 2023, kijana wa miaka 25 aliingia upande wa wanawake kwa jina la uongo, amevaa buibui na nikabu na miwani, haongei na mtu, akaanza kuwafunga wachezaji wakali. Marefa walisita, maana hakuna aliyetaka kumvunjia heshima mwanamke wa Kiislamu, na moja ya vitu vilivyowashtua ilikuwa ni viatu vya kiume. Sheria ya kukataza jinzi ingesaidia nini hapo? Kilichohitajika ni kuthibitisha mtu ni nani, na kanuni tayari zinaruhusu ukaguzi wa nguo na mwili, faraghani, na mkaguzi awe wa jinsia moja na mchezaji. Tena kama tunaogopa simu za kudanganyia mchezoni, suti ndiyo ina mifuko ya ndani kushinda tisheti yoyote.

Kwa hivyo fainali zenye kamera na mdhamini mkubwa, waandaaji waseme wanataka nini, ila watoe mashati wao. Mashindano ya wazi na ya watoto, waandike kwa tangazo mapema nguo iwe safi na isiwe na matusi, wasiweke faini ya pesa hata bob moja, na mlangoni kila siku kuwe na refa wa kike wa kukagua wanawake. Mtoto akija na sweta ya shule apewe namba ya meza yake aende akacheze.