Hakikisho liondoke au libaki? Mfano wa programu ya tiketi za boti Lamu

Chukulia programu ya tiketi iliyo mkononi mwa karani kwenye gati la Lamu, imeandikwa kwa lugha ya Dart na inatumika kwenye simu ya Android ya bei nafuu. Abiria wa Faza akighairi safari, jina lake linafutwa ndani ya hakikisho (assert), yaani mstari unaoinua kosa sharti lake lisipotimia:

assert(orodha.remove(jina));

Kwenye toleo la majaribio mambo ni shwari: jina linaondoka, na kama halikuwamo, kosa linaonekana papo hapo. Ukitengeneza toleo la watumiaji kwa flutter build apk --release, mstari mzima unatoweka, na kule kufuta kunatoweka nao. Abiria anabaki orodhani, kiti chake hakiuzwi, na nahodha anang'oa nanga na jina la mtu aliyelala kwake. Dawa ni kutenganisha tendo na ukaguzi:

final ameondoka = orodha.remove(jina);
assert(ameondoka);

Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye mstari wa pili: uendelee kukagua mikononi mwa karani, au uishie kwenye meza ya mwandishi wa programu?

Lugha nyingi zimeshakuamulia. Java huyazima mahakikisho mpaka uiendeshe kwa -ea. Python huyabakiza mpaka utumie -O. C huyaondoa ukiweka NDEBUG, na CMake, chombo cha kujengea programu za C, huiweka kwenye aina ya toleo iitwayo Release na pia kwenye RelWithDebInfo, jambo linalowakwaza wengi wanaodhani toleo lenye taarifa za uchunguzi lina ukaguzi vilevile. Rust ndiyo iliyotenda haki: assert! hubaki daima, debug_assert! huondoka, na mwandishi huchagua mstari kwa mstari.

Wanaotaka yaondoke huanza na kasi. Hoja hii hukuzwa mno. Kulinganisha namba mbili hakuhisiki hata kwenye simu dhaifu. Kupita orodha nzima kuhakikisha imepangwa kila jina linapoingia ni habari nyingine: kwa majina 60 si kitu, lakini kwa kumbukumbu 40,000, kila nyongeza inazua ulinganisho kama 40,000, na skrini inaganda. Hilo libaki kwenye majaribio.

Hoja yao nzito ni kwamba kusimama si sawa na kuwa salama. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika sekunde kama 40 baada ya injini kuwashwa. Namba ya biti 64 haikuenea kwenye nafasi ya biti 16, na kompyuta ya mwelekeo ikafanya ilivyoagizwa: ikajizima. Ya akiba, yenye programu ileile, nayo ilikuwa imejizima kwa sababu hiyohiyo. Hesabu iliyoleta balaa haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuruka. Kwetu hasara ni ndogo, lakini sura ni hiyo: programu ikijifunga wakati boti ya Faza inapakia, maji ya mlango wa bahari wa Mkanda hayamngoji mtu, na karani anarudi kwenye daftari.

Hata hivyo, sisi tunaegemea upande wa kubakiza, kwa sharti moja: kinachosimama kiwe ni tendo, si programu nzima. Katika C, assert huita abort na kila kitu kinakufa. Katika Dart unaweza kuwa na ukaguzi wako usiozimwa:

void hakikisha(bool sharti, String Function() ujumbe) {
  if (!sharti) throw StateError(ujumbe());
}

Ujumbe umepitishwa kama funsheni ili maneno yasiundwe bure sharti linapotimia. Ita hakikisha kabla ya kuandika kwenye hifadhidata: idadi ya viti vilivyouzwa ilingane na majina, pesa zilizopokelewa zilingane na tiketi. Ukaguzi ukishindwa, dakia kosa kwenye kitufe kilichobonyezwa, kataa tiketi hiyo moja, mwambie karani. Data iliyoharibika kimyakimya ikishafika kwenye seva, kuisafisha ni kazi ya siku nyingi. Kwenye logi (kumbukumbu za makosa) weka namba ya toleo, mstari na tarakimu zilizogongana. Majina na namba za vitambulisho usiyaweke. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahusu.

Kuna ujanja mmoja wa kuepuka: kugeuza hakikisho kuwa ahadi kwa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) katika toleo la watumiaji, mfano [[assume]] ya C++23. Ahadi ikiwa ya uongo, kompaila inaweza kuwa imeshafuta hata ukaguzi wako wa kawaida uliokuwa jirani. Afadhali usiwe na chochote.

Na majaribio yaendeshwe kwenye toleo la watumiaji pia, flutter run --release kwenye simu halisi. Kosa la orodha.remove halionekani kwenye toleo la majaribio.

Idadi ya abiria kuzidi uwezo wa boti haimo kabisa katika mjadala huu. Hiyo si kasoro ya msimbo. Ni jambo ambalo watu watalijaribu kila sikukuu. Kuliandika kwa assert ni kuliondoa siku programu inapoingia kazini. Liandikwe kwa if ya kawaida, kwenye simu na kwenye seva, lenye jibu ambalo karani anaweza kumsomea abiria: boti imejaa.