Shemeji wa Yanga na Kwotabeki Wanne

Besti-boli ni fantasi ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa watu wenye kazi zao: unaunda timu ya kubuni kwa wachezaji halisi, na pointi zako zinatokana na wanavyocheza uwanjani. Unachagua wachezaji, mara nyingi 18, kabla ya msimu, basi, imetoka hiyo. Hakuna kupanga kikosi, hakuna dirisha dogo, hakuna kubadilishana. Kila wiki kompyuta yenyewe inakuhesabia waliofanya vizuri. Ukichagua ovyo, utakula ulichopika mpaka msimu uishe.

Kwa hiyo akili yote iko siku ya kuchagua. Kwotabeki, wale warusha pasi, wawili wanatosha. Watatu ukiwa mwoga. Nafasi nyingi wape wadakaji, maana leo wanalipuka, kesho wanalala. Halafu tazama wiki za mapumziko. Kila timu hukaa nje wiki moja, na kwotabeki wako wote wakipumzika pamoja, wiki hiyo nafasi yao inakupa sifuri.

Agosti 2024, hapa Columbus, Ohio, watu 12 wa kazini tulianza saa nne usiku, sekunde 30 kila zamu. Nikamnyakua Josh Allen wa Buffalo Bills, kisha Dalton Kincaid anayedaka pasi zake, ili pasi moja inilipe mara mbili. Mambo yakanyooka. Simu ikaita: mama mkwe, Tanga. Kule saa kumi na moja alfajiri, keshaswali, ana nafasi.

Simu ya mama mkwe haikatwi. Na sekunde 30 ni za shikamoo tu, bado hujaulizwa afya, kazi, baridi (mwezi wa nane!) na ule mguu uliokusumbua mwaka juzi. Nikamsukumia laptopu shemeji yangu, mwanawe huyohuyo, ndiyo kwanza katoka nyumbani. Nikamnong'oneza: "Zamu yetu ikifika, chukua wa juu."

"Niachie, shemeji."

Sikio moja likabaki Tanga kwenye bei ya mabati, jicho moja kwenye kidole chake. Kilikuwa kinatembea juu ya skrini taratibu, kinasimama kwenye kila nembo.

Naagana na mama, nakuta Joe Burrow, Kirk Cousins na Trevor Lawrence wamepangana chini ya Allen. Kwotabeki wanne! Na Jared Goff wa Detroit Lions, aliyekuwa juu ya orodha, karukwa.

"Huyu vipi?"

"Timu yake Simba hiyo. Mimi Yanga tangu tumboni, nimsajili Mnyama?"

"Na hawa wengine?"

"Si wewe uliyeanza na nyati? Nyati anamuua simba. Nikamwongezea chui milia wa Cincinnati, chui mwenzake wa Jacksonville, na kozi wa Atlanta wa kutuangalizia kutoka juu."

Alisema hayo kwa utulivu wa kocha aliyebeba ubingwa. Nikafungua ratiba. Buffalo, Cincinnati, Jacksonville, Atlanta: mapumziko wiki ya 12, wote. Hata ukikusudia hupati.

Novemba ikafika, mbuga nzima ikafungwa. Kwotabeki: 0. Jumapili hiyo Detroit wakaenda Indianapolis wakashinda 24-6. Nikamgeukia shemeji, yuko kwenye sofa anamenya karanga.

"Afadhali sifuri, shemeji. Mama angesikia humu ndani tunamshangilia Simba, ile simu isingeisha."