Kuteleza kwa wanaume Milano: je, dhahabu imeshapata mwenyewe?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Februari 2026, saa tatu kwa saa zetu, wanaume 24 wataingia uwanjani Milano kucheza sehemu ya mwisho ya shindano la kuteleza kwenye barafu katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Nayaandika haya Januari 2026, kabla ya shindano lenyewe. Hapa Lamu itakuwa imebaki siku chache Ramadhani iandame, pepo za kaskazi zitakuwa bado zinavuma, na barafu tunayoishika kwa mikono yetu ni ile wavuvi wanayowekea samaki. Hata hivyo tumo humu mjini tunaoufuatilia mchezo huu miaka kadhaa sasa, na tangu Desemba mabishano ya barazani Mkunguni yamekuwa makali kiasi cha kustahili kuandikwa kwa utulivu. Upande mmoja unasema dhahabu imeshapata mwenyewe, naye ni Ilia Malinin wa Marekani, na kilichobaki ni kusubiri tarehe. Upande wa pili unasema Olimpiki haina mwenyewe, na wanaojiamini mapema ndio huangushwa na barafu ya usiku ule.

Pande zote mbili zina ushahidi wa kweli. Ninachokiona mimi ni kwamba zote mbili zinapima kwa kipimo kimoja, yaani kile mchezaji anachoweza siku yake ikiwa nzuri, ilhali mashindano haya mara nyingi huamuliwa na kiasi anachopoteza siku yake ikiwa mbaya.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza hesabu yenyewe ieleweke. Kila mchezaji hucheza mara mbili: mchezo mfupi wa dakika mbili na sekunde arobaini, wenye nafasi tatu za kuruka, na siku nyingine mchezo mrefu wa dakika nne, wenye nafasi saba. Kila mruko una thamani iliyoandikwa kabla. Mruko wa Lutz wa mizunguko minne una thamani ya pointi 11.50, na ule wa Axel wa mizunguko minne, ambao kwa kweli ni minne na nusu kwa kuwa mchezaji huondoka akitazama mbele, una thamani ya pointi 12.50. Majaji tisa hutoa daraja kutoka hasi tano hadi chanya tano, na kila daraja huongeza au hupunguza asilimia kumi ya thamani ya mruko. Kisha huja alama za usanii, zinazopima utungaji wa mchezo, uwasilishaji wake na ustadi wa kuteleza wenyewe.

Sasa tumchukue mtu aliyepanga Lutz ya mizunguko minne. Akitua vizuri na majaji wakampa daraja la tatu, anapata karibu pointi 15. Akianguka, daraja linashuka hadi mwisho, nusu ya thamani inaondoka, pointi moja zaidi inakatwa kwa kuanguka, naye anabaki na 4.75. Tofauti ni pointi kumi kwa tendo linalokwisha kabla hujameza mate. Na akiingiwa na wasiwasi angani akafungua mwili mapema, mruko ukawa wa mizunguko miwili tu, thamani yake ni pointi 2.10. Anayebashiri medali bila kuiweka hesabu hii mbele yake hubashiri kwa mapenzi.

Wanaomwamini Malinin wana mengi ya kushika. Yeye ndiye binadamu wa kwanza kutua Axel ya mizunguko minne katika mashindano, Septemba 2022, mjini Lake Placid, akiwa bado hajatimiza miaka 18. Alitwaa ubingwa wa dunia Montreal mwaka 2024 kwa pointi 333.76, akaurudia Boston mwaka 2025 kwa 318.56, akimwacha wa pili kwa pointi 31. Tangu Novemba 2023, Mfaransa Adam Siao Him Fa alipomshinda nchini Ufaransa, hajashindwa tena na mtu katika mashindano ya mmoja mmoja. Na mwezi uliopita, katika Fainali ya Grand Prix, inayowakutanisha sita bora wa mfululizo wa mashindano ya msimu, mjini Nagoya, alikuwa wa tatu baada ya mchezo mfupi, akarudi kwenye mchezo mrefu na kuruka mizunguko minne katika nafasi zote saba, akapata 238.24 na jumla ya 332.29. Hakuna mwingine anayecheza leo anayeweza kuandika mpango wa namna hiyo kwenye karatasi, seuze kuutekeleza.

Wanaotilia shaka nao hawasemi kwa husuda. Wanamkumbuka Nathan Chen mwaka 2018 kule Pyeongchang, kijana wa Marekani aliyekwenda na miruko mingi ya mizunguko minne kuliko wote. Katika mchezo mfupi alivurugikiwa akawa wa 17, kisha katika mchezo mrefu akapata 215.08, alama kubwa kuliko za wote usiku ule, na bado akamaliza wa tano. Dhahabu ilikwenda kwa Yuzuru Hanyu wa Japani, aliyekuwa ameumia kifundo cha mguu Novemba iliyotangulia na hakuwa amecheza shindano lolote tangu hapo. Miaka minne baadaye, Beijing, ikawa zamu ya Hanyu kuonja uchungu huo: wembe wa kiatu chake uliingia katika tundu lililokuwa kwenye barafu, mruko wa kwanza ukapotea, akaanza wa nane na kumaliza wa nne, huku Chen naye safari hii akichukua dhahabu kwa 332.60. Mabingwa wawili wakubwa kuliko wote wa kizazi chao, na kila mmoja ana Olimpiki moja iliyomponyoka. Malinin hajawahi kuicheza hata moja. Mwaka 2022 alikuwa wa pili katika ubingwa wa Marekani lakini hakuchaguliwa kwenye timu.

Nahodha mmoja mstaafu, ambaye huketi nasi baada ya Isha na ambaye mashua yake ilishindana miaka mingi hapa mbele ya mji, aliniambia neno lililonifanya nirudi kwenye takwimu. Alisema kwamba chombo chepesi chenye tanga kubwa hushinda kwa mbali upepo ukiwa sawa, na anayetaka kujua kama kitashinda leo asikitazame kinavyokimbia, akitazame kinapobisha, yaani kinapogeuza kukata upepo, maana hapo ndipo panapojulikana kama farumi, ule uzito wa chini unaokituliza chombo, inatosha.

Farumi ya Malinin tunaweza kuipima, kwa sababu mpango wa miruko saba ya mizunguko minne ameujaribu zaidi ya mara moja. Alipoujaribu katika fainali hiyo hiyo ya Grand Prix, Grenoble, Desemba 2024, miruko kadhaa haikukamilika mizunguko yake, akaanguka, na mchezo mrefu ukampa 186.69. Mwaka mmoja baadaye, Nagoya, mpango wa aina ileile ukampa 238.24. Baina ya siku hizo mbili kuna zaidi ya pointi 51, nami sijui mchezaji mwingine wa daraja lake mwenye pengo kubwa namna hiyo baina ya usiku na usiku. Grenoble bado alishinda, kwa jumla ya 292.12, kwa sababu Yuma Kagiyama wa Japani siku hiyo alipata 281.78. Lakini Nagoya huyo huyo Kagiyama alipata 302.41. Kwa maneno mengine, siku mbaya ya Malinin iko chini ya siku nzuri ya Kagiyama kwa pointi kumi, yaani anguko moja la Lutz.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema dhahabu imekwisha, na wala sikubaliani na wanaosema iko wazi kwa kila mtu. Ili Malinin aikose, mambo mawili yanahitaji kutokea usiku mmoja: yeye afanye makosa matatu makubwa au zaidi, na mtu mwingine acheze karibu na kilele chake. Likitokea moja tu, atashinda. Hatari yenyewe iko zaidi katika uamuzi wake mwenyewe kuliko katika nguvu za wapinzani. Mpango wa miruko mitano ya mizunguko minne ungemtosha kumshinda kila mtu. Mpango wa saba unaandikiwa historia. Kijana wa miaka 21, katika Olimpiki yake ya kwanza, atachagua upi? Ningekuwa karibu naye ningemsihi achague mitano, na nasema hivyo kwa mapenzi, kwa sababu natamani kumwona akisimama juu.

Kagiyama ndiye ninayemtaja kwa uhakika mkubwa kuliko wote linapokuja suala la medali, hata kuliko Malinin. Najua wengi barazani hulipinga hili, nao wana sababu. Februari 2025, katika Michezo ya Asia ya majira ya baridi mjini Harbin, aliongoza baada ya mchezo mfupi kwa karibu pointi kumi, kisha akavurunda mchezo mrefu na Cha Jun-hwan wa Korea Kusini akampita kwa 281.69 dhidi ya 272.76. Mwezi uliofuata, Boston, alipata 107.09 katika mchezo mfupi na kushika nafasi ya pili, halafu mchezo mrefu ukampa 171.10 tu. Ukiyatazama hayo peke yake utamwita mtu asiyeweza kumaliza. Lakini tazama alipoangukia: Boston, katika moja ya siku zake mbaya kabisa, bado aliondoka na shaba. Amekwenda katika Mashindano ya Dunia ya 2021, 2022, 2024 na 2025, na mara zote nne amepanda jukwaani. Amekwenda Olimpiki moja, Beijing, na akapata fedha. Sababu iko katika magoti yake na namna anavyotiririka juu ya barafu. Alama za usanii na za ustadi wa kuteleza haziondoki zote kwa sababu mruko mmoja umeharibika, na kwake ndizo farumi. Baba yake, Masakazu, aliyecheza Olimpiki za 1992 na 1994, ndiye aliyemfunza misingi hiyo tangu utotoni, na inaonekana.

Shaba ndiyo kazi ngumu. Shun Sato wa Japani ana mruko wa Lutz wa mizunguko minne ulio safi sana, na amepata shaba katika fainali za Grenoble na Nagoya, mara ya pili kwa 292.08. Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan alipata fedha Boston kwa 287.47 baada ya kushinda Mabara Manne, ubingwa wa mabara yasiyo Ulaya, mjini Seoul mwezi uliotangulia. Kocha wake ni Alexei Urmanov, bingwa wa Olimpiki wa 1994, na ana mfululizo wa miruko unaoanza na Axel ya mizunguko mitatu na kuishia na Salchow, aina nyingine ya mruko, ya mizunguko minne, jambo ambalo hakuna aliyelitua kabla yake. Nagoya hakuwamo katika watatu wa juu. Wanaomshika Sato hutazama msimu huu; wanaomshika Shaidorov hutazama kwamba jukwaa kubwa la Boston, mbele ya umati uliomjia Malinin, halikumtikisa. Cha ana usanii wa kumfikisha popote, ila miruko yake ya mizunguko minne ni michache. Na Siao Him Fa, ambaye wazazi wake walitoka Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii yetu, ndiye asiyebashirika kuliko wote: Montreal 2024 alikuwa wa 19 baada ya mchezo mfupi, akapata 206.90 katika mchezo mrefu na kuchukua shaba. Moyo wangu uko kwake. Hesabu hainiruhusu kumweka, kwa sababu mtu anayehitaji kupanda ngazi kumi na sita hawezi kuzipanda kila mara.

Naweka basi Malinin, Kagiyama na Shaidorov, na baina ya Shaidorov na Sato tofauti ninayoiona haizidi pointi mbili au tatu. Mchezo mfupi ni Jumanne, tarehe 10, na mengi yatajulikana hapo. Ijumaa nitakachokitazama kwanza ni mruko wa tatu wa Malinin: akiharibu mmoja kati ya ile ya mwanzo kisha akapunguza mpango wake palepale, dhahabu ni yake. Akiendelea na yote saba kama vile hakuna kilichotokea, basi Kagiyama ana nafasi.