Tangi la zege likizeeka pwani: kuziba nyufa au kujenga jipya?

Katika mji mdogo kama Pangani, tangi la zege lililoinuliwa juu ya nguzo likianza kuvuja, watu hugawanyika. Wapo wanaotaka lipigwe plasta na kupakwa dawa ya kuzuia maji. Wapo wanaotaka libomolewe. Wote wanayatazama matone ukutani, wakati uvujaji na kutu ya nondo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina kipimo chake.

Uvujaji ni rahisi kupima. Usiku, mji ukilala, funga valvu zote na upime kina cha maji mpaka alfajiri. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 8 hupoteza takriban lita 50 kwa kila milimita, kwa hiyo maji yakishuka milimita 20, lita 1,000 zimekwenda. Kabla ya kulaumu ukuta, tazama mdomo wa bomba la kusafishia. Valvu iliyoliwa na mchanga haifungi sawasawa, na kubadilisha valvu si sawa na kujenga tangi.

Kutu ndiyo ya kuogopwa. Upepo wa kusi huleta chumvi, chumvi hupenya zege mpaka kwenye nondo, na kutu huvimba kupita chuma chenyewe, zege likapasuka na kubanduka. Gonga nguzo kwa nyundo. Panapolia kama patupu, pachimbue. Wengi hunyunyizia finofthalini, dawa inayogeuka waridi penye ualkali unaolinda nondo, na zege likigeuka waridi hutulia. Tunaona hilo ni kosa, maana zege la waridi halijapoteza ualkali wake, lakini nondo zake bado zinaweza kuliwa na chumvi. Chukua unga wa zege kwa drili kwenye vina tofauti, ukapimwe maabara kiasi cha kloridi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma.

Wanaotaka ukarabati wana hoja nzito: saruji inatengenezwa Pongwe, karibu na Tanga mjini, si mbali, na fedha inayobaki inaweza kuziba mabomba yanayomwaga maji mitaani. Kama tatizo ni nyufa za ukuta tu, tuko nao. Ila kiraka kipya ndani ya zege lenye chumvi huhamishia kutu pembeni yake, na miaka michache baadaye plasta inabanduka kuzunguka kiraka kile kile. Kwenye nguzo hatukubali kubahatisha: lita 200,000 ni tani 200 juu ya vichwa vya watu. Nondo zikiwa zimepoteza robo ya unene, lijengwe jipya kando, na la zamani lijazwe nusu tu mpaka jipya lianze kazi. Presha itapungua kidogo. Mzigo utapungua sana.

Nao wanaotaka jipya waisome michoro kabla ya kusaini. Nondo zikifunikwa na zege la milimita 25, au mchanga ukichotwa ufukweni, tangi hilo litaoza kama la kwanza. Wadai milimita 50, na mchanga wa mtoni.