Mtungi si wa fundi, lawama ni zake

Tangu lori la gesi lilipuke mtaani Mradi, Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mjadala wa mitungi ya gesi jijini Nairobi umekuwa na kambi mbili. Moja inataka sheria ikazwe na karakana zisizo na vibali zifungwe. Nyingine inasema mkazo huo utamwangukia mchomeleaji wa Kariobangi Light Industries, huku wenye maghala wakijua mlango wa kupitia.

Kambi ya kwanza ina fizikia upande wake. Mtungi wa oksijeni uliojaa hubeba shinikizo la bar 150 hadi 200, ilhali tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu. Ukianguka valvu ikakatika, mtungi huo unatoboa ukuta. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inaweza kuiwasha grisi, ndiyo maana mikono yenye oili haifai kugusa regulata, kile kifaa cha kupunguza shinikizo. Kawaambie hilo mafundi wa gereji za Grogan! Asetilini, gesi ya kuchomelea, ni korofi zaidi. Ndani ya mtungi imeyeyushwa kwenye kimiminika kiitwacho asetoni, kwa hiyo mtungi ukitumiwa umelala, asetoni hutoka pamoja na gesi. Asetilini ikipita bar 1 hivi kwenye mpira wa gesi, inaweza kulipuka bila hata kuchanganyika na hewa. Nayo gesi ya kupikia, ambayo wengi huitumia kukatia vyuma, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini hadi mtaroni ikingoja cheche. Hatari hizi hazijali kama wewe ni kiwanda cha Industrial Area au vijana watatu chini ya mabati.

Lakini tazama sheria inavyomfikia huyo kijana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe na pakaguliwe na mshauri wa usalama angalau mara moja kila miezi 12. Kamati ya usalama ni ya walio na wafanyakazi 20 na zaidi, kwa hiyo karakana ndogo inabaki na gharama ya ukaguzi bila mtu wa kuwafundisha vijana. Ukimbana zaidi, haachi kazi. Anahamia uani, katikati ya nyumba za watu, au anaachana na asetilini ya mtungi na kujitengenezea gesi hiyo kwa maji na kabaiti, mawe yanayoitoa yakiloa, ndani ya pipa alilolichomelea mwenyewe. Pipa hilo linaniogopesha kuliko mtungi wowote.

Na Embakasi hapakukosekana kanuni. EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kituo cha kujazia gesi kilichokuwa pale mara tatu mwaka 2023. NEMA, ya mazingira, ilikuwa imetoa leseni, kisha ikakiri kwamba ilitolewa isivyostahili na kuwasimamisha kazi maafisa wake. Ofisi moja ilisema hapana, nyingine ndiyo, na gesi ikaendelea kujazwa. Hapo sioni kibali kipya kingesaidia nini. Kilichohitajika ni mtu wa kwenda kufunga lango.

Kwa karakana ndogo naona njia nyingine. Kanuni za gesi ya kupikia za 2019 zilimbebesha mwenye chapa, yaani kampuni yenye jina lake kwenye mtungi, jukumu la mitungi yake, na kumkataza mwingine kuijaza bila idhini yake ya maandishi. Oksijeni na asetilini nazo mara nyingi huja katika mitungi ya msambazaji. Fundi hulipia gesi na kukodi chuma. Lori la msambazaji hufika pale mara nyingi kuliko mkaguzi yeyote wa serikali. Basi lisishushe mtungi pasipo na mnyororo wa kuufunga ukiwa wima, wala kwa fundi asiye na vile vifaa vidogo vinavyozuia moto kurudi nyuma kwenye mipira. Bei ya vifaa hivyo iingizwe kidogo kidogo kwenye kodi ya mtungi.

Wasambazaji watapinga, na pingamizi lao si la kupuuzwa: atakayegoma kushusha leo atampoteza mteja kwa jirani asiyeuliza maswali. Kwa hiyo sharti hilo liwafunge wote siku moja, na ukaguzi wa kwanza ufanyiwe depo zao, ambazo ni chache na anwani zake zinajulikana, kabla ya mtu kutumwa Kariobangi na kufuli.