Dawa za kiharusi kutoka kwenye mimea: zipimwe upya kabla ya kuuzwa

Kurkumini ya manjano, resveratroli ya zabibu, baikalini na ginkgolaidi za mimea ya dawa ya China: ukifuatilia tafiti za maabara, utakuta kila kimoja cha viambata hivi kimewahi kupunguza ukubwa wa jeraha kwenye ubongo wa panya aliyezibwa mshipa. Ukija kwa wagonjwa, orodha inapungua sana. Pengo hilo limewagawa watu. Wapo wanaosema tiba ya mimea inapuuzwa na wenye viwanda, na wapo wanaosema hakuna chochote pale isipokuwa matumaini. Naona kila upande unashika nusu ya ukweli.

Hoja ya wanaozitetea ina mzizi katika namna ubongo unavyokufa. Bonge la damu linapoziba mshipa, seli hukosa oksijeni na sukari, na mkadirio uliochapishwa mwaka 2006 unaonyesha kuwa seli za neva zipatazo milioni 1.9 hupotea kila dakika mshipa mkubwa unapobaki umezibwa. Hata hivyo si zote hufa kwa wakati mmoja. Zilizo katikati hufa mapema. Zinazozunguka eneo hilo hubaki hai lakini zimezimia, na hizo ndizo zinazogombewa. Glutamati humwagika na kuzichochea kupita kiasi, kalsiamu hufurika ndani yake, molekuli kali za oksijeni hutafuna utando wake, kisha chembe za kinga huingia na kuongeza uharibifu. Dawa inayoziba njia moja tu huacha nyingine wazi. Viambata vingi vya mimea hugusa njia kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo wazo la kuvitumia lina mantiki.

Wenye mashaka nao wana historia upande wao. Mwaka huohuo wa 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa kwa ajili ya kiharusi, nyingi zikiishia kwa wanyama. Hakuna hata moja ya kukinga seli iliyokuwa imekubalika katika nchi nyingi kama alteplase, dawa ya kuyeyusha bonge iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Sababu si fumbo. Panya wa maabara mara nyingi ni kijana na mzima, na dawa huweza kupewa kabla mshipa haujazibwa au dakika chache baadaye. Mgonjwa ni mzee, ana shinikizo la damu, labda na kisukari, na amefika hospitali baada ya saa kadhaa. Kurkumini ina tatizo jingine: ikimezwa, kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo sana, seuze kinachovuka ukuta unaotenganisha damu na ubongo.

Lakini naona hoja hii ya dawa nyingi zilizoshindwa inasukumwa mbali kuliko inavyostahili. Sehemu kubwa ya majaribio ya dawa hizo kwa wagonjwa yalifanywa wakati mshipa wa mgonjwa ulibaki umezibwa. Kumpa dawa ya kukinga seli katika hali hiyo ni kama kufungulia maji kwenye mfereji uliojaa tope: hayafiki shambani. Mwaka 2015 mambo yalibadilika, pale majaribio kadhaa makubwa yalipothibitisha faida ya kulitoa bonge kwa mrija unaopitishwa ndani ya mshipa. Sasa dawa ina njia ya kufika, na ina kazi mpya, kwa sababu damu inaporudi kwa kishindo nayo huleta madhara yake.

Hapo ndipo butilifthalaidi inapostahili kutazamwa kwa makini. Kiambata hiki kilitolewa kwanza kwenye mbegu za seleri, na China inakitumia kama dawa ya kiharusi tangu miaka ya 2000. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,216 waliopewa pia tiba ya kufungua mshipa. Baada ya siku 90, asilimia 56.7 ya waliopewa butilifthalaidi walikuwa na hali nzuri, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kiambata. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, na kubwa kiasi cha kudai jaribio la pili. Wagonjwa wote walikuwa China, na matokeo ya namna hii yamewahi kuporomoka yaliporudiwa. Mwaka 2006 NXY-059, dawa isiyotokana na mmea, ilionekana kusaidia katika jaribio la kwanza; la pili, kubwa zaidi, likaiangusha.

Tukumbuke pia kwamba butilifthalaidi inayotumika leo hutengenezwa kiwandani, kwa kipimo kinachojulikana. Kutafuna seleri hakuhusiani na matokeo yale. Mchanganyiko wa mitishamba nao huweza kushindwa unapopimwa sawasawa: jaribio lililochapishwa mwaka 2024 lilitumia mchanganyiko wa FYTF-919 kwa wagonjwa 1,648 wenye kiharusi cha kuvuja damu, na halikuonyesha faida.

Kinachonitia hofu kweli ni mtu anayesoma habari za panya kisha anampa mgonjwa aliyeanguka unga au maji ya majani. Kiharusi huweza kuharibu uwezo wa kumeza, na kilichowekwa mdomoni kikaishia kwenye mapafu. Hakuna anayeweza kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka. Hilo huonekana kwa picha ya ubongo, na tiba zake hupingana. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4.5, na nusu saa iliyotumika kuchemsha dawa hairudi. Kwa anayetumia mitishamba kila siku ili kujikinga, daktari lazima ajue: mmea wa Hypericum perforatum, kwa mfano, hupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo wengi huinywa ili wasipate kiharusi.

Kwa hiyo mahali pa viambata hivi ni hospitalini, vikiwa vimesafishwa na kupimwa uzito, vikitolewa pamoja na tiba ya kufungua mshipa. Jaribio linalohitajika sasa ni la butilifthalaidi nje ya China, likiwa na plasebo, likijumuisha wazee na wenye kisukari, na likisimamiwa na watafiti wasiolipwa na mtengenezaji.