Miswada ya Lamu: simu ianze, wingu lisubiri

Mlinzi wa wakfu akikataa vyuo vya mkono, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, vipandishwe mtandaoni, huambiwa amepitwa na wakati. Si haki. Anachouliza ni nakala itakuwa mikononi mwa nani. Miswada ya msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza iliyoko London. Oktoba 2023 maktaba hiyo ikashambuliwa na wadukuzi, huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Mwenye nakala yake hapa kisiwani hana haja ya kungoja London.

Wanaohimiza haraka nao wana hoja: chumvi, unyevu wa masika na mchwa havingoji kikao, na nyumba ikishika moto ni nakala iliyo nje ya Lamu itakayosalia.

Kupiga picha, basi, kuanze leo. Kamera ya megapikseli 12 inatosha: ukurasa wa A4 ukijaza picha, unapata zaidi ya nukta 300 kwa inchi. Simu iwe kwenye stendi, taa mbili pembeni, flashi izimwe, rula ilazwe kando. Kinachoharibu kazi ni programu za kuskani risiti. Hugeuza kila kitu cheusi na cheupe, wino mwekundu ukafifia, nukta za herufi za Kiarabu zikafutika hata ba na ta zisitofautike. Tena hukata ukingo wa chini, lilipo neno la kuanzia ukurasa unaofuata. Chuo kisicho na namba za kurasa kikikosa neno hilo, mpangilio wake hauaminiki tena.

Kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, ndiko hesabu inakouma. Picha moja ya megapikseli 12, ikihifadhiwa kama TIFF (aina ya faili la picha) isiyobanwa, ni takriban MB 36. Kurasa 1,000 ni GB 36. Kwa mtandao unaopandisha Mbps 2, hizo ni saa 40 mfululizo bila kukatika, na Google hutoa GB 15 tu za bure. Watu hufanyaje? Hupandisha picha zilizobanwa, kisha hufuta za asili ili simu ipate nafasi. Hasara hiyo haionekani siku ile. Huonekana mtafiti anapokuza herufi akaona ukungu. Na akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2, Google yaweza kuifuta.

Diski mbili zitangulie, moja msikitini, nyingine nyumba ya mbali, zikifunguliwa na kukaguliwa kila mwaka. Wingu liwe nakala ya tatu, akaunti kwa jina la wakfu, nywila kwa watu wasiopungua wawili, na mkataba utaje ni nani anayeruhusu picha kuchapishwa.